Nasaka vibao vya mitaa vyenye majina ya Kifaransa hapa Mwanza, wenyeji naombeni msaada

msaka_vibao

Wakuu habari za Jumapili. Mi ni fundi simu, naishi Nyakato, na huu uzi nauleta kwa wenyeji wa Mwanza hasa nyie mnaouzunguka mji kila siku, bodaboda, wauza maji, makonda wa hiace, na wazee wetu mnaoujua mji tangu zamani, maana nimekwama na sitaki kuacha.

Kuna mchezo unaitwa jiokeshingi. Mtu anaficha kopo mahali, ndani anaweka kidaftari na vitu vidogovidogo, alafu anatoa kodineti tu, yani zile namba za kwenye ramani zinazoonyesha mahali lilipo. Wewe unaenda na simu yako unalitafuta, ukilipata unasaini jina na tarehe unalirudisha palepale ulipolikuta. Ulianza Marekani mwaka 2000. Kabla ya hapo serikali yao ilikuwa inaichafua makusudi signali ya GPS ya raia, kifaa kinakwambia uko hapa kumbe uko hata mita 100 pembeni, sasa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 wakauondoa ule uchafuzi na tarehe 3 tu jamaa anaitwa Dave Ulmer akaenda kuacha ndoo porini kule Oregon, ndani kaweka vitabu, programu za kompyuta, manati na kopo la maharage, akatangaza kodineti mtandaoni watu wakaenda wakaipata. Mpaka leo watu wanacheza dunia nzima.

Ila kuna aina moja ya zamani ndo imenishika mimi. Hii haina kopo. Mtu anataja aina ya kitu, wewe unakitafuta popote ulipo duniani, unakipiga picha na kifaa chako cha GPS kikionekana hapohapo kwenye picha ili watu wajue hujaiokota mtandaoni, unatuma pamoja na kodineti. Mwaka 2005 ilipoanzishwa tovuti ya Waymarking mambo haya yakahamia huko. Sisi tuko sita, Bukoba, Musoma, Kigoma, Dar wawili na mimi Mwanza, tumekubaliana kuirudisha kwenye grupu letu la WhatsApp na kitu tulichochagua ni KIBAO CHA MTAA CHENYE JINA LA KIFARANSA. Kiwe nje ya nchi inayotumia Kifaransa, kiwe kibao cha barabara kweli na siyo tangazo la duka, na jina lenyewe liwe la Kifaransa.

Nimetembea Jumamosi mbili mfululizo. Station Road, Nyerere, Kenyatta, Balewa, Uhuru, Liberty, Pamba Road, Makongoro, nikapanda mpaka Isamilo nikashuka Kirumba, jua la Mwanza mnalijua. Kiswahili kipo, Kisukuma kipo, Kiingereza kipo. Kijerumani kipo, si mnalo Jiwe la Bismarck pale majini karibu na kivuko cha Kamanga. Hata Kiitaliano kipo, Capri Point. Kifaransa hamna. Nisaidieni jamani, kuna mtaa wowote mnaoujua?

boda_Buhongwa

Mkuu mshindi anapata shilingi ngapi?

msaka_vibao

Hamna hela kaka. Unapata kuandika kwamba umekipata.

boda_Buhongwa

Sawa mkuu. Mi nitaangalia nikiwa na abiria, ila nikuambie ukweli vile vibao vilivyowekwa 2022 wakati wa anwani za makazi kabla ya sensa vingine vishaondoka, watu wa skrepa wanang'oa nguzo usiku. Kuna mitaa huku kwetu nguzo imebaki kisiki. Kwahiyo fanya haraka.

Dada wa Kirumba

Huku kwetu kuna La Kairo, hiyo "La" si Kifaransa? 😊

msaka_vibao

Dada nililifikiria hilo nikalipeleka grupuni likakataliwa kwa sababu mbili, kwanza ni hoteli siyo mtaa, pili Wafaransa wenyewe mji wa Cairo wanauita Le Caire. Ila asante, umefikiri palepale nilipofikiri mimi.

tuliosoma_Pondi

Mkuu mi nimesoma India, Puducherry, yani ule mji vibao vyake utalia. Ulikuwa chini ya Ufaransa mpaka 1954 na mpaka leo ukitembea upande wa baharini unakutana na Rue Dumas, Rue Suffren, Rue Romain Rolland, kibao cha bluu maandishi meupe, Kifaransa na Kitamili pamoja. Nimepita pale miaka mitatu nikienda kununua mkate, sikuwahi kujua kuna watu wanavitafuta hivyo vibao kama vito. Mwanza sidhani kama utapata "Rue".

msaka_vibao

Umenitamanisha kweli. Ndo hivyo, wenzetu wa nje ni rahisi. New Orleans wana Bourbon Street, Detroit ilianzishwa na Mfaransa Cadillac mwaka 1701 na mpaka leo barabara zake kubwa zinaitwa Gratiot, Livernois, Beaubien ingawa wanazitamka kivyao. Hata Afrika Kusini pale Franschhoek barabara kuu inaitwa Huguenot, sababu ya wale Waprotestanti waliokimbia Ufaransa wakafika kule 1688. Sisi hatukutawaliwa na Mfaransa kwahiyo lazima tuchimbe.

mzee wa Kamanga

Wanangu hamjambo. Mnatafuta mbali. Mtaa wa Lumumba uko katikati ya mji, mnaupita kila siku. Lumumba aliongea Kifaransa. Hotuba yake ya siku ya uhuru wa Kongo, tarehe 30 Juni 1960, aliisoma kwa Kifaransa mbele ya mfalme wa Ubelgiji mwenyewe, na chama chake kilikuwa na jina la Kifaransa. Mimi nilikuwa mtoto mdogo alipouawa Januari 1961, nakumbuka habari ilipofika kwenye redio baba alizima redio akatoka nje akakaa juu ya jiwe, hakuongea na mtu mpaka giza. Majina haya ya mitaa hayakuwekwa hovyo. Yaliwekwa na watu waliokuwa na uchungu.

msaka_vibao

Shikamoo mzee wangu. Nimelisoma hili mara tatu. Naomba nilipeleke grupuni kama ulivyoliandika.

Nyanza Moja

Kwa heshima zote kwa mzee, shikamoo, lakini sharti limesema jina lenyewe liwe la Kifaransa. Lumumba ni jina la huko Kongo, la kabila la Watetela. Kifaransa kwake ni Patrice na kibao hakijaandikwa Patrice. Tukikubali kila mtu aliyeongea Kifaransa basi mchezo hauna maana, tutaanza kuweka na walimu wetu wa sekondari.

mzee wa Kamanga

Marahaba. Umesema kweli kijana, sharti ni sharti. Lakini kichunguzeni na kibao cha Rwagasore.

Omuhaya Igoma

Mzee shikamoo. Rwegasore unamaanisha? Ule mtaa wa maduka? Huyo si Mhaya?

Mi miaka yote najua ni mzee wetu wa Bukoba aliyefanya biashara Mwanza zamani wakampa mtaa, maana sisi tuna akina Rwegasira kibao, jina limekaa kwetu kabisa. Na risiti za maduka ya pale nyingi wanaandika RWEGASORE.

Mtu wa Gungu

Hapana ndugu yangu, huyo ni wa huku kwetu upande wa pili wa mpaka. Mi ni wa Kigoma, bibi yangu mzaa mama ni Mrundi, hili nalijua tangu utoto.

Ni Rwagasore, kwa A. Mwanamfalme Louis Rwagasore wa Burundi, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Alizaliwa Januari 1932. Angeweza kukaa ikulu ya baba yake akala na kunywa, yeye akaenda kwenye vyama vya ushirika vya wakulima alafu akakiongoza chama cha UPRONA kudai uhuru, Wabelgiji hawakumpenda hata kidogo. Septemba 1961 chama chake kikashinda uchaguzi kwa kishindo, akawa waziri mkuu. Hajamaliza hata mwezi. Tarehe 13 Oktoba 1961 alikuwa hotelini Usumbura, ndo Bujumbura ya sasa, pale pembeni ya ziwa Tanganyika, akapigwa risasi na Mgiriki mmoja aliyetumwa na wapinzani wake. Alikuwa na miaka 29. Uhuru wa nchi yake ulikuja tarehe 1 Julai 1962, hakuuona.

Alikuwa karibu na Mwalimu Nyerere na TANU, na sisi tulipata uhuru Desemba ileile ya 1961, hata miezi miwili haijapita tangu auawe. Ndo maana jina lake likafika mpaka ziwa lenu. Bujumbura barabara yake inaitwa Chaussée Prince Louis Rwagasore, hapo Kifaransa kimejaa, ila Burundi haihesabiki kwenye mchezo wenu.

Kwahiyo ndugu yangu Omuhaya, mmemchukua mtu wetu mkampa uraia wa Bukoba bila yeye kujua 🙏

Omuhaya Igoma

Nimenyamaza kwanza nikasoma. Asante sana ndugu. Nimefanya kazi mtaa ule miaka kumi na moja.

msaka_vibao

Hii ndo sababu naupenda huu mchezo jamani. Nimeupita ule mtaa Jumamosi zote mbili, nikakisoma kile kibao nikaendelea na safari, kwa sababu akili yangu ilikuwa inatafuta "Rue de" na "Saint" tu.

Ila kwa sharti letu bado hatuna. Louis ni Kifaransa, kwenye kibao hakipo.

tembea_na_chaki

Ngoja na mimi niingie, nafundisha lugha sekondari. Mnatafuta maneno ya Kifaransa, tafuteni MAANDISHI ya Kifaransa.

Mfaransa ukimwambia aandike sauti ya "u" yetu hawezi kuandika u peke yake, kwake u inasomeka vingine. Anaandika ou. Ndo maana mji mkuu wa Burkina Faso unaandikwa Ouagadougou, sisi tungeandika Wagadugu tukamaliza. Ouattara ni Watara. Sasa jiulizeni hapa Mwanza ni wapi kila mtu anaandika "ou" bila kujua kwa nini anaiandika.

Dada wa Kirumba

SEKOU TOURE!!! Nimejifungulia hospitali ile watoto wawili!

tembea_na_chaki

Hapo hapo dada. Sisi tunatamka Seketure kwa haraka, kwenye daladala konda anaita "Sekture Sekture", ila kibao kinasema S-e-k-o-u T-o-u-r-e. Angekuwa mtu wa Ghana au Kenya tungeandika Seku Ture. Ile ou mara mbili ni alama ya kwato ya Mfaransa, na kwao wanaongeza na vikono juu ya zile e, Sékou Touré. Ni rais wa kwanza wa Guinea. Septemba 28 mwaka 1958 de Gaulle aliyauliza makoloni yake yote kama yanataka kubaki kwenye jumuiya ya Ufaransa, Guinea peke yake ndo ikasema hapana, na tarehe 2 Oktoba wakajitangazia uhuru. Wafaransa wakaondoka kwa hasira. Kwahiyo Mwanza nzima neno lenye Kifaransa kuliko yote limebeba jina la mtu aliyeikatalia Ufaransa.

Na tungetawaliwa na Mfaransa sisi leo ungepanda gari la Kiroumba kwenda Bouhongoua.

boda_Buhongwa

Bouhongoua 😂😂 nabadilisha jina humu

Nyanza Moja

Mwalimu hoja yako nzito nakubali, ila hospitali siyo mtaa. Toeni ushahidi wa kibao cha barabara.

msaka_vibao

Ni kweli, na wenzetu wa Dar wana Toure Drive kule Oysterbay, walikileta siku ya kwanza tukakikataa kwa sababu hatukuwa na akili ya mwalimu. Kesho Jumatatu nafungua ofisi saa nne badala ya saa mbili, asubuhi naenda Sekou Toure na simu. Nitaleta mrejesho.

Dada wa Kirumba

Kaka angalia unavyopiga picha maeneo ya serikali, usije ukasumbuliwa. Ongea na watu kwanza.

msaka_vibao

MREJESHO.

Nimefika saa moja na nusu. Dada nimefuata ushauri wako, nimeanza kwa mwenyekiti wa mtaa, nikamweleza mchezo mzima, mzee akacheka akasema yeye alidhani naleta kesi ya mpaka wa kiwanja. Akaniambia piga kibao cha barabarani ukiwa umesimama barabarani, ndani ya geti usielekeze simu, wagonjwa siyo wa kupigwa picha. Nimefanya hivyohivyo.

Kibao kipo pembeni ya barabara, kinaelekeza magari, SEKOU TOURE kwa ou zote mbili, vikono vya juu havipo. Nimeweka simu ya kwanza mbele ya kibao inaonyesha kodineti, nikapiga kwa simu ya pili.

Kwa wanaotaka kujaribu nawapa nilichojifunza. Simu ikishafika usikimbilie kuandika namba, mi ilikuwa inaniruka mita kumi huku mara kule, hasa upande wenye mawe makubwa na kuta, signali ya setilaiti inagonga jiwe ndo inakuja kwako imechelewa na simu inadhani uko mbali zaidi. Tulia dakika tano, usogee mahali penye anga wazi, namba zitatulia. Na bando siyo lazima, GPS inashika hata bila mtandao, ramani tu ndo inataka uwe umeipakua. Sisi wa Mwanza tuna bahati moja, kwa sababu tuko karibu na ikweta dakika moja ya kodineti (digrii moja ina dakika 60) ya kwenda kaskazini na dakika moja ya kwenda mashariki zinakaribia kulingana, kama kilomita moja na mita 850 hivi, kwahiyo ile tarakimu ya tatu baada ya nukta kwenye dakika ni kama hatua mbili za mtu mzima upande wowote. Wenzetu wa Ulaya hesabu hiyo inawasumbua.

Nimetuma grupuni. Wanapiga kura.

Nyanza Moja

Nimeona picha umeweka. Nakubali, ni kibao cha barabarani. Kwangu kimepita.

Mnyanza wa Usagara

Wakati mnasubiri kura, mmesahau Bukumbi. Mapadre Weupe, lile shirika alilolianzisha Lavigerie kule Algiers 1868, waliingia ziwa hili wengi wao Wafaransa, 1879 wakafika Buganda na 1883 wakafungua misheni Bukumbi, huku kwetu barabara ya kwenda Kigongo. Kabaka Mwanga alipopinduliwa 1888 alikimbilia kusini ya ziwa na hapo Bukumbi ndo walimpokea. Kwenye barua zao walikuwa wanaandika Boukoumbi, ile ou ya mwalimu. Nilikatiza pale jana kwa ajili yenu, nimetafuta kibao chochote cha njia chenye jina la Kifaransa sikukiona, kibao kinasema Bukumbi kwa u ya kwetu. Na Bujora pale Kisesa, Padre David Clement aliyesimamisha makumbusho ya Wasukuma alikuwa Mkanada wa Quebec, napo sijapata kibao cha mtaa.

msaka_vibao

Umeenda mpaka Bukumbi kwa ajili ya uzi wangu? Kaka asante sana, unanidai sato mzima pale Kirumba.

Kura zimerudi. Sekou Toure imepita, wanne kwa wawili, na Toure Drive ya Dar imerudishwa. Lumumba na Rwagasore hazijapita, lakini mwenzetu wa Kigoma wa grupuni kasema nisiuache mtaa wa Rwagasore hivihivi baada ya haya yote, na mimi nimekubaliana naye. Kwahiyo nimeweka kopo la kweli. Kopo la maziwa ya unga, ndani kidaftari, kalamu na ukurasa mmoja nilioandika yale maelezo ya Mtu wa Gungu neno kwa neno. Halijafichwa chini wala kuchimbiwa, hatuchimbi, liko kwa fundi cherehani mmoja mtaani hapohapo aliyenikubalia liwe chini ya meza yake. Ukifika mwambie jina la mtaa KWA USAHIHI, atakupa. Kodineti nimemtumia kila aliyechangia humu.

mzee wa Kamanga

Mungu akubariki mwanangu.

Dada wa Kirumba

NIMELIPATA. Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, ukurasa wa kwanza, jina la kwanza ni langu.

Nilifika nikasema "Shikamoo fundi, naomba kopo la Rwegasore." Akasema marahaba, akaendelea kushona. Nikarudia, kimya. Ndo nikakumbuka nikasema RwAgasore, akainama akalitoa. Tumekaa tukausoma ule ukurasa pamoja maana alikuwa hajausoma, miwani yake ya karibu imevunjika, nikamsomea mimi. Alivyosikia miaka 29 akasimamisha cherehani.

Alafu kaniuliza swali sikuwa na jibu, kasema na huyu Balewa wa barabara ya pale juu ni nani. Nani anajua nimpelekee?

mzee wa Kamanga

Abubakar Tafawa Balewa, waziri mkuu wa kwanza wa Nigeria. Aliuawa Januari 1966. Mwambie fundi nitakuja mwenyewe Jumamosi nimweleze, na miwani ya karibu ninayo ya ziada.